Vizibo

Jumamosi ya kwanza nilikuja na filimbi shingoni
na fulana ya kijani iliyoandikwa MLEZI mgongoni,
herufi bado zinanuka rangi.
Mwalimu Chausiku akanionyesha kwa kidevu:
"Wako yule pale ukutani. Kalunde.
Hasemi. Usimshike ghafla."
Basi. Hiyo ndiyo semina niliyopewa.

Uwanja wetu wa Isevya, nyuma ya ofisi ya kata,
hauna nyasi ila kona moja
panapovuja bomba.
Shija alikuwa golini, juu ya kiti chake cha magurudumu,
akiwatukana mabeki wake kwa Kinyamwezi
hata Mihayo, mlezi wake, akajifanya mgeni wa lugha.
Kulwa haoni; Doto humtangazia mechi,
na Doto ni mwongo:
siku ile timu yao ilifungwa sita
Kulwa akaenda nyumbani bingwa.

Wangu alikuwa na vizibo.
Vizibo vya soda, kopo zima la maziwa ya unga,
amevipanga chini ya ukuta, mstari mmoja:
vyekundu viwili, cha kijani, cheusi,
vyekundu viwili, cha kijani, cheusi,
mpaka kwenye mlango wa choo.

Nilijaribu kamba. Nilijaribu mpira.
Nilijaribu kuimba, Mungu anisamehe.
Jumamosi ya tatu nilileta pipi:
akachukua ganda, pipi akaniachia.
Ya nne nikapuliza filimbi karibu yake.
Akaziba masikio, akajikunja,
akalia kilio ambacho sijakisikia tena
wala sitaki.
Mama yake alitoka mbio gengeni, mikono ina unga wa maandazi.
Hakunigombeza.
Aliitazama tu ile filimbi.
Iko nyumbani, kwenye msumari, mpaka leo.

Watu husema tunachuma thawabu.
Muuza asali mmoja alinizibulia chupa,
nikalamba kijiko cha bure,
"kwa ajili ya hao malaika wako."
Malaika!
Shija alikuwa ametoka kumng'ata Mihayo muda ule ule.
Nililamba, nikanyamaza.
Asali ya miombo haibishaniwi.

Jumamosi ya saba nilichoka.
Matokeo ya kidato cha sita hayajatoka,
nyumbani hata mtoto wa jirani ananiuliza,
na upepo wa Julai unatumwagia vumbi machoni
kama unatudai.
Nikakaa chini, mgongo ukutani,
hatua mbili kutoka kwake.
Haikuwa mbinu. Ulikuwa uchovu.
Treni ya Mpanda ikapiga honi stesheni.
Mkono wangu, bila kunishauri,
ukaokota kizibo cheusi
ukakiweka mwisho wa mstari.

Kalunde akakitazama.
Akakiondoa.
Akakitia kiganjani mwangu, akanifunga vidole,
kimoja, kimoja,
yeye, ambaye hashikwi.
Kisha akaweka chekundu.
Chekundu.
Cha kijani.
Akageuka, akautazama mkono wangu.

Zamu yangu ilikuwa imefika.

Ule mstari ulikuwa nini, sijui.
Mihayo anasema ni behewa za treni.
Mama yake anasema ni shanga za marehemu bibi.
Mimi nimeupanga naye Jumamosi tisa
na bado kuna siku ananirudishia kizibo
kwa kosa nisilolijua,
na hanielezi,
na nakubali.

Juzi barua ya JKT imefika. Naondoka Alhamisi.
Leo wameniletea mrithi, binti wa Cheyo anaitwa Limi,
fulana inanuka rangi,
ana filimbi, ana kamba, ana daftari la mistari
lenye kichwa cha habari: MALENGO.
Nimemvua filimbi.
Nimempa kizibo cheusi.

"Nikiweke wapi?" akauliza.

Popote, nikamwambia.
Utakosea.