Mvuto wa Tatu

Kufuli halikuvunjwa. Hilo liliniuma kuliko wizi wenyewe.
Lilifunguliwa, likarudishwa, likaning'inia
kama mgeni aliyemaliza chai akafunika kikombe.
Ndani ya stoo: kabari zote nne, tupa, galoni la oili,
helmeti ya njano yenye ufa,
na juu ya vumbi la mbao, umbo la msumeno
pasipo msumeno.

Kituoni Muheza wakataka risiti.
Nikawapelekea iliyobaki. Mchwa wamekula bei, wamekula tarehe,
wameniachia jina la duka na neno "Ahsante".
Afande akacheka, kisha akaniomba radhi.
"Alama je, Mzee Mhando? Ina alama?"

Ina. Niliichora kwa msumari
chini ya kifuniko cha plagi, macho ya mnunuzi yasikofika:
MHANDO, LONGUZA. Na chini yake jina la marehemu mama.
Usiku ule Mbelwa ndiye aliyenishikia tochi.
Mwanga haukutikisika hata kidogo.

Siku kumi na moja tukapasua mitiki kwa msumeno wa watu wawili,
shemeji kule, mimi huku, gogo katikati likitusanifu.
Mke wangu akinikanda mgongo:
"Nilikwambia ilale ndani."
Petroli ingeharibu chumba, nikasema.
"Chumba hiki kina nini cha kuharibika?"

Usiku wa kumi na mbili nikaisikia.
Ng'ambo ya Mto Zigi, upande wa hifadhi.
Mvuto wa kwanza, kimya.
Wa pili, kikohozi, kama mtoto aliyepaliwa na uji.
Wa tatu, ikawaka.

Miaka sita nimeivuta kamba ile.
Nani huhitaji alama kumjua mwanawe
analia nyumba ya jirani?
Nikakaa kitako kitandani, naisikiliza ikifanya kazi isiyo yangu.
Anakandamiza mno. Ana haraka. Mnyororo hakuunoa.
Nikajikuta namkosoa mwizi kama mwanafunzi wangu,
na papo hapo mate yakanikauka.

Kisha sauti ikabanwa, ikapiga yowe fupi, ikafa.

Alfajiri tulivuka, mimi, afande na bwana miti Shekalaghe,
tukaufuata unga wa mbao hadi kwenye shina.
Mvule. Umeinamia mtoni, hata mbuzi angeona,
naye akaingilia upande wa tumbo, pale uzito ulipolalia.
Mti ukakaa. Ukafumba kinywa.
Ulimi wa mashine ukabaki ndani,
mwili unaning'inia nje.

Nikafungua kifuniko cha plagi.
Jina la mama limekwanguliwa. Hapo tu, kwingine hakukuguswa.

"Unamshuku nani?" afande kauliza, kalamu mkononi.
Nikachomeka kabari ya kwanza, nikagonga.
Nilimfundisha Mbelwa kuchanganya oili,
kukaza mnyororo, kuvuta kamba bila kuumiza bega.
Kuusoma mti, nilimwambia, mwakani.
Kabari ya pili.
Mwakani ikaja ikapita. Na ujira wake wa mitiki ya Mei
niliumega, nikamwambia asubiri, naye akasubiri
hadi Mei nyingine.
Kabari ya tatu, mvule ukafumbua kinywa,
mashine ikaniangukia kifuani, baridi, imelowa umande.

Jina nikalitaja.
Na kwa kuwa kalamu ilikuwa bado hewani,
nikalitaja na deni.

Sasa inalala chini ya kitanda chetu,
imefungwa kwa kufuli jipya kwenye tendegu.
Mke wangu anasema inakoroma.
Ijumaa navuka Zigi kuutazama ule mvule.
Nimelipaka jeraha lami. Juu, upande mmoja majani yamenyauka,
upande wa pili yamechipua.
Haujaamua.