Sare

Jana jioni Waseme alikimbiza kuku;
leo mguu wa mbele umeumuka kama andazi.

Nyoka, kasema Baluku. Nyuki, kasema mkewe, pakeni kitunguu.
Boda hadi kwa daktari wa mifugo, Kasese mjini: elfu kumi.
Nilikuwa na tatu.

Nikapiga magoti nitafute matundu ya meno.
Manyoya, matope, joto.
Kidole kikakwama:
mpira wa kufungia noti, umezama nyamani.

Mkasi. Kilio kimoja. Ulimi kiganjani.

Mlangoni Biira, miaka mitano,
kaficha mkono wenye mpira wa pili.
"Nilitaka tuvae sare."

Nikachemsha maji, nikatia chumvi ya Katwe.
Uvimbe ukaondoka polepole,
kama mgeni anayeaga tangu asubuhi.