Raundi za Ghalani

Saa kumi na moja alfajiri, Julai, Kibaigwa.
Upepo umeshuka toka milima ya Kiboriani
na kokoto ndogo mdomoni.
Barabara kuu ni ya malori, nayo hayana aibu:
mwezi wa tano yalimpitia mbwa wa Mama Sechelela
na hakuna aliyepunguza mwendo.
Basi mimi nakimbilia ghalani.

Malogo, mlinzi, ananisogezea mlango wa bati,
blanketi limemfika puani.
"Ukivunjika mguu, mimi sikukuona."
Hiyo ndiyo salamu yake.

Nimelipima kwa futi ya cherehani
niliyoazima kwa fundi Nyemo:
raundi moja mita tisini na nne
ukipita nyuma ya mzani,
tisini na moja ukiwaogopa popo.
Kona ya tatu ina shimo. Nimeliziba kwa gunia la makapi;
mguu ukitua, linashusha pumzi kama mgonjwa.
Kona ya nne ina nguzo.
Nguzo haihami. Bega langu la kushoto lilishaelewa.

Nahesabu kwa punje za mahindi:
kumi na moja mfuko wa kulia,
kila raundi moja inahamia kushoto.
Zikihama zote, ni kilomita na chenji.
Pumba zinapaa, nakohoa,
na ukuta unanirudishia kikohozi cha marehemu baba.
Viatu vinalika upande mmoja,
kwa hiyo Jumatano nageuza, nazunguka kwa kulia,
na ghala lote linakuwa la ugenini:
mzani unatokea mapema,
nguzo inanivizia.

Silalamiki. Nafundisha hesabu,
nina miaka arobaini na mitatu,
na goti moja ninalolitumia kwa makubaliano.

Tarehe tisa yakaingia magunia ya kwanza,
alizeti ya Mlali.
Raundi ikawa themanini.
Kisha mtama wa Hogoro, kisha mahindi, mahindi, mahindi,
wapagazi wakiimba bei badala ya nyimbo.
Tarehe kumi na nne: sitini na mbili.
Nikaongeza punje mfukoni.
Ishirini na moja: ujia tu,
kwenda na kurudi baina ya kuta mbili za katani,
kama mtu aliyesahau ufunguo.
Shimo langu limezikwa.
Nguzo imevaa magunia hadi shingoni.
Nilimnunia Malogo, kana kwamba yeye ndiye aliyelima.

Halafu nikakumbuka mwaka jana.
Mvua ilikata Februari, haikuaga.
Ghala likakaa tupu kipupwe kizima
nami nikakimbia nitakavyo,
tisini na nne kamili, asubuhi baada ya asubuhi,
nikijisifu kwa kasi yangu.
Sikujiuliza nafasi ile nimepewa na nani.
Saa mbili nikaingia darasani,
nikamwita Ndahani ubaoni;
akaandika nusu ya mlinganyo,
akaomba kukaa.
Nikamwandikia: mvivu.
Kwa mkono huu huu wenye punje.

Leo zimebaki hatua tisa
toka mlangoni hadi gunia la mbele.
Mdomo wa gunia umeshonwa kwa uzi wa bluu,
mshono mrefu, mshono mfupi, mrefu:
mama yangu, hakosei mtu.
Nimeligusa, nimegeuka.
Nimeligusa, nimegeuka.
Punje zimeisha kabla ya pumzi
nami sikuzirudisha kuanza upya.

"Kesho huna pa kuingia," Malogo amesema,
na kwa mara ya kwanza blanketi limeshuka,
nikaona kumbe ana mwanya.
"Najua."
Nje, vumbi limesimama wima barabarani
kama mtu anayesubiri zamu yake.
Nimefunga kamba za viatu, fundo mbili,
nimepita ukingoni mwa lami, upande wa mashina makavu ya mtama,
na kokoto zikaanza.