Kabla Hujachukua Fomu

Lushinge, keti. Hapana, si hicho,
hicho mguu mmoja umelegea
tangu siku ya matokeo nilipokikalia kwa pupa.
Nimesikia unautaka udiwani.
Nimesikia kwa muuza dagaa kabla ya kusikia kwako,
na hilo ndilo la kwanza ulijue:
katika kata hii jambo lako hufika Mwaloni
wewe bado unafunga mkanda.

Fomu ni karatasi.
Jina uliandike kama lilivyo kwenye kadi,
herufi kwa herufi. Malimi alienguliwa
kwa "h" moja, mtu mzima mwenye ng'ombe thelathini,
akalia kwenye ngazi za ofisi.
Wadhamini wawe watu unaoijua milango yao,
si saini za kuokota gengeni.

Lakini hayo utaelekezwa na karani.

Je, umewahi kupanda Igogo na ndoo kichwani?
Si kwa picha. Kwa maji.
Ngazi ni mia moja na arobaini mpaka kwa Nkwimba.
Nilizihesabu baada ya kushindwa;
wakati wa kampeni nilikuwa napunga mkono tu.
Jiwe la tatu baada ya choo cha kulipia
huteleza hata kiangazi.
Siku unyayo wako utakapolijua jiwe lile gizani,
njoo tuongee habari za fomu.

Ziwa lote lile hapo chini, linang'aa kama bati jipya,
na aliye juu ya jabali ananunua maji kwa dumu.
Watakuuliza hilo, tena kwa upole.
Mimi nilijibu haraka: "Ndani ya miezi sita!"
Wakapiga vigelegele.
Kigelegele ni pombe isiyo na chupa,
hujui umekunywa kiasi gani.

Kumbe diwani hana koki mfukoni.
Ana kabrasha zito kama tofali,
analoletewa Jumatano jioni kwa kikao cha Alhamisi asubuhi,
na ana mkono mmoja wa kunyoosha
kati ya mikono mingi.
Usiruke kurasa.
Mimi niliruka wa hamsini na mbili.
Mtaro wa Mabatini ulikuwa humo, umefutwa kwa mstari mmoja,
nami nikasema "ndiyo" pamoja na wenzangu,
tukaenda kula wali.
Machi, Mirongo ukapita nyumba kwa nyumba
ukikusanya masufuria.
Haukuuliza nani alisema ndiyo.

Na mlango wako, je?
Utagongwa saa nane usiku:
huyu anatafuta gari la kwenda Bugando,
huyu ana maiti na hana sanda,
huyu hana shida yoyote, amelewa, anataka kukutukana tu.
Tabu anajua? Mwulize leo,
kabla hujasimika bendera uani kwake.

Atakuja pia mwenye bahasha.
Hatasema anataka nini.
Asiyesema anataka nini, mwanangu, anataka vyote.

Niliangushwa kwa kura kumi na moja.
Wiki ya pili Nkwimba akashuka na daftari la vikoba.
Kurasa za nyuma, baada ya marejesho,
alikuwa ameziandika ahadi zangu, kila moja na tarehe yake.
Tisa. Mbili zina alama ya vema.
Moja, taa ya zahanati: niliihangaikia mwaka mzima.
Nyingine, jabali lililoziba njia:
hilo lilibiringishwa na mvua.
"Nimekuwekea tu," akasema,
"usiondoke mikono mitupu."

Sikukatazi.
Ndoo ile pale, nyuma ya mlango.
Bomba hutoka saa tisa usiku, halizidi nusu saa,
na Nkwimba hana wa kumtekea
tangu mjukuu wake ahamie Geita.
Ukifika, usimwambie kwamba unagombea.
Ameshajua.