Kipande cha Kioo

Ufa ulianzia chini ya dirisha,
mwembamba, kama mstari wa penseli.
Mume wangu akaupaka chokaa.
Masika ya Tukuyu yakaufuta uongo wake.

Fundi Ambokile hakugusa ukuta.
Alibandika kipande cha kioo juu ya ufa
kwa saruji kidogo, akaandika tarehe.
"Kikivunjika, nyumba inatembea."

Usiku wa tisa kikaalika.

Asubuhi tukachimba nyuma ya jiko.
Msingi ulikuwa umekaa ndani ya maji
kama mguu wa mtoto mtoni,
na maji yalitoka migombani,
kwenye mfereji niliouziba mwenyewe
nipate tuta moja la viazi.

Tuta nimelifukua.
Kioo kipya kipo ukutani.
Nikipita na taa usiku, nakitazama kwanza,
kabla ya watoto.