Kushusha

Neno lilianza na bei.
"Shusha," nikamwambia Kombo pale Gerezani,
kati ya injini zilizofungwa kamba kama mbuzi wa Idi.
Springi nne, nyekundu, mtumba wa Japani.
"Hizi hazijakatwa," akasema. "Hizi zimezaliwa fupi."
Laki tatu na nusu. Akashusha ishirini,
akaapa kwa mama yake, akafunga na gazeti.

Nilikuwa nimeshaonyeshwa njia ya mkato.
Mbwilo wa Tandika ana grinda na bei ya supu:
"Lete hizo hizo zako, naondoa mzunguko mmoja na nusu,
unaondoka umelala."
Gari la Nassibu alikata yeye.
Likiingia shimoni springi inahama kitini pake,
inalia kwa ndani kama sahani kabatini.
Na zile za kurekebisha kwa spana, juu, chini, upendavyo,
nilizitazama kama ninavyotazama nyumba za Masaki.
Nikapita.

Jumamosi, Tabata, chini ya bati la fundi Haule.
Kabla ya jeki alipima kwa mkono:
kati ya tairi na bodi ya Starlet yangu
vidole vinne vikaingia, na pete yake.
Hakusema kitu. Akafuta mkono kwenye suruali.

Kuitoa springi ya zamani si mchezo.
Vibano viwili, akakaza huku, akakaza huku,
zamu kwa zamu, uso kaugeuza pembeni.
"Hii ikifyatuka haiulizi jina."
Nikarudi nyuma hatua tatu.
Kovu la kidevuni kwake lilinitosha kuwa maelezo.
Nati ya shokapu ya kushoto iliota kutu
tangu enzi gari likiwa la mtu mwingine:
mafuta, nyundo, chai, nyundo,
kisha matusi ya Kipangwa, nayo ikasikia.

Saa tisa na nusu gari likagusa ardhi,
likatulia.
Akapima tena. Kidole kimoja.
Kile kile kisichovunja chawa.
"Jumatatu kapange miguu,
la sivyo tairi zitalika kwa ndani,
na usije kuniambia Haule hakusema."

Barabara ya Segerea nilikuwa mtu.
Kwenye kona gari halikuyumba, liliganda kwenye lami
kama stempu. Vijana wa kijiweni walisimama.
Mmoja alishika kichwa kwa mikono miwili.

Kisha lami ikaisha.

Kwetu Kinyerezi kuna tuta hatukuletewa na serikali.
Tulilimwaga wenyewe, saruji mifuko mitatu,
mwaka ule bodaboda ilipompitia Tausi, wa darasa la kwanza.
Alizaliwa sawa. Mguu wa kulia ulifupishwa pale.
Nilichanga elfu kumi.
Na kwenye kikao nilisimama nikasema liwe refu,
refu hasa, mtu alione aogope.
Mwenyekiti aliandika jina langu.

Krrrrrr.

Mama alitoka na kitenge kimoja.
"Imebeba nini?"
"Haijabeba kitu."
"Mbona imechoka hivyo?"

Sasa Jumapili, tukienda kanisani,
nasimama hatua mbili kabla ya tuta.
"Shuka, mama."
Anashuka, Biblia kwapani, na magoti yake,
anavuka kwa miguu, hanitazami.
Nami nalipanda mshazari, tairi moja moja,
kama mtu anayeingia nyumba ya jirani usiku.

Tausi hutoka kwao kunielekeza.
Ana miaka kumi na moja, na sauti ya kondakta.
Anainama, shavu karibu na vumbi,
ule mguu mfupi ameunyoosha pembeni,
anachungulia chini ya tumbo la gari langu:
"Bado! Kulia! Kulia kidogo! Njoo!"
Anainua mkono nione kwenye kioo
nafasi iliyobaki.
Kidole. Nusu kidole.

"Njoo," anasema. "Usiogope."