Kutoa kwa Kukopa

Darasa la tatu, kutoa kwa kukopa kulinishinda.
Nilikopa kumi kwa jirani nikasahau kumpunguzia,
mwalimu akachora nyekundu, nami nikaapa
sishiki tena namba maishani.

Leo nimepiga magoti kwenye kabati la chini ya ngazi,
Swansea, mlimani, mvua hii ya tangu Jumatatu,
na swichi ya Bi Prosser inaanguka kila akichemsha maji.
Ta! Giza.
Anacheka humo humo gizani: "Imezimia tena, mwanangu."

Gwilym, fundi anayenifunza, si msemaji.
Ana penseli sikioni, na kipande cha boksi.
Anaandika: zimekwenda ampea kumi, waya wa kahawia.
Zimerudi kumi, waya wa buluu.
Kumi toa kumi?
Sifuri, nasema. Hata wa chekechea angejua.
"Basi swichi hii haijui kingine.
Haijui birika, haijui mvua, haikujui wewe.
Inatoa tu, usiku na mchana.
Ikipata sifuri, inakaa.
Ikikosekana thelathini, si thelathini nzima,
thelathini gawa kwa elfu, punje, inaanguka.
Moyo wa mtu huvurugwa na kidogo."

Kilichopungua kimekwenda wapi?
Hapo hesabu inashuka ardhini.
Kimechepuka kwenye bati la birika,
kikafuata waya wa kijani na manjano
hadi nje, chini ya dirisha, kwenye fimbo ya shaba
iliyopigwa nyundo katika udongo mweusi wa Wales.
Udongo haudai risiti.
Na waya huo ungekatika,
njia ingekuwa mkono wa Bi Prosser,
soksi zake zenye unyevu,
sakafu yake ya mawe.

Tulilifungua birika: ufa mwembamba kama unywele, na kutu.
Likatupwa. Swichi ikakaa.
Maji yakachemshwa kwa sufuria, juu ya gesi,
nikanywa chai isiyo na tangawizi
nikiwa na vumbi la kabati magotini,
na nyuma ya boksi lile lile nikaandika:
ametoka mmoja, Korogwe, miaka kumi na tisa.
Zimerudi pesa. Zimerudi picha. Sauti, Jumapili, ikikatika.
Mmoja toa hizo zote...
nikafuta.

Na hakuna swichi iliyoanguka, kule wala huku.

Gwilym akauliza napiga hesabu gani.
Nakopa, nikamwambia.